Barua ya wazi kwa wakuu wa afya na elimu Kisumu: pimeni masikio kwanza ndio muandike usonji

Kwenu Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kisumu, wakurugenzi wa elimu, wasimamizi wa vituo vya EARC, vile vinavyopima watoto ndio wapelekwe shule inayowafaa, na nyinyi wakubwa wa Wizara ya Afya kule Afya House, Nairobi.

Salamu kwenu nyote. Mimi ni fundi wa kuweld, naishi Obunga hapa Kisumu na shedi yetu iko upande wa Kibuye. Naandika na simu usiku watoto wakiwa wamelala, na naandika hadharani kwa sababu zile barua mbili nilipeleka kwa mkono zilipigwa muhuri wa kupokelewa na mpaka leo hakuna mtu amenipigia.

Kijana wangu ana miaka sita. Kwa zaidi ya miaka mitatu faili yake imebeba neno moja, otizimu, ule usonji wa Kiswahili cha redio, ile hali ya ubongo inayobadilisha vile mtoto anaongea na kuelewana na watu, na sasa mimi na mama yake tuna sababu ya kuamini hilo neno liliandikwa kwa haraka. Labda lilikosewa kabisa, labda ni nusu tu ya ukweli. Tumeomba aangaliwe upya na kila mlango tunaoenda tunaambiwa faili ishaandikwa.

Wacha nianzie mwanzo ndio mnielewe.

Alizaliwa 2019, mwezi wa saba, bila shida yoyote. Alitembea akiwa na mwaka na mwezi mmoja. Akiwa na mwaka na nusu alikuwa na maneno kama kumi hivi, Dholuo ya dani yake, yaani nyanya yake, imechanganyika na Kiswahili cha mama yake ambaye ni Mmaragoli, akitaka maji anasema pi, akiona paka anasema nyau, na jirani yetu akizima tuktuk nje jioni huyu mtoto alikuwa anasikia kabla yetu sote anakimbia mlangoni. Hiyo tuktuk naomba muikumbuke.

Mwezi wa nne 2021 akapata homa kali, shingo ikakauka, akaanza degedege. Ilikuwa wakati wa kafyu, tukabebwa na boda, polisi wakatusimamisha na walipomulika tochi wakaona mtoto wakatuachilia. Hospitali wakamtoa maji ya mgongo wakasema ni homa ya uti wa mgongo, menenjaitisi. Tulikaa wodi siku kumi na nne, sindano asubuhi na jioni. Kwa hiyo kazi ya wodi sina lawama hata kidogo, wale manesi waliokoa mtoto wangu na mpaka leo nikikutana na mmoja wao sokoni tunasalimiana vizuri.

Alitoka akiwa hai lakini alitoka akiwa hawezi kusimama. Alirudi kutambaa, na akaja kutembea tena baada ya miezi, akiyumba kama mtu ako ndani ya mashua. Na yale maneno yake yakaanza kuisha moja moja, nyau ikaenda, pi ikaenda, ya mwisho kupotea ilikuwa baba. Tuktuk ikawa inazima pale nje na yeye anaendelea tu kucheza na kifuniko cha sufuria. Sisi tulidhani ni uchovu wa ugonjwa. Karatasi ya kutoka hospitali ilikuwa na majina ya dawa na tarehe ya kurudi kuangaliwa mkono pale sindano ilivimbisha. Kuhusu masikio haikuwa na hata neno moja.

Sasa hapa nisikizeni pole pole. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria ni moja kati ya sababu kubwa zinazojulikana za mtoto kupoteza masikio baada ya kuzaliwa, daktari yeyote anajua hivyo, hata mimi nimekuja kujua na nimesomea chuma. Mwongozo wa Uingereza unasema mtoto akipona huo ugonjwa apimwe masikio kabla hajatoka hospitali, ama ndani ya wiki nne tangu apate nguvu ya kupimwa. Wiki nne. Haraka yote hiyo ni kwa sababu ndani kabisa ya sikio, ile sehemu imejikunja kama konokono, mfupa unaweza kuanza kumea baada ya huo ugonjwa mpaka ukaziba, na ukiziba hata ile mashine inayopandikizwa kwa upasuaji inakuwa ngumu kuingia. Tena hapo hapo ndani ndio kuna kile kiungo kinachosaidia mwili kusimama bila kuanguka, na ugonjwa ukikiharibu, mtoto aliyekuwa anatembea anaanza kuyumba. Kijana wangu alikuwa anayumba mbele ya kila mtu aliyemhudumia kwa miezi. Hakuna aliyeuliza.

Alipofika miaka mitatu bila kusema, kila mtu alikuwa na jibu. Wazee wa nyumbani walisema ni chira, ile laana ya kuvunja mila. Kanisani waliomba. Mama mmoja wa nyumba ya pili akaniambia ni zile chanjo, ati nisipeleke mdogo wake kliniki, na kwa hiyo nataka niseme wazi kwa sababu najua watu watatumia barua yangu vibaya: chanjo hazileti usonji. Yule daktari wa Uingereza aliyeanzisha hiyo hadithi 1998, Andrew Wakefield, makala yake ilifutwa na jarida lenyewe 2010 na yeye akanyang'anywa leseni mwaka huo huo. Tena chanjo ndizo zinapunguza huu ugonjwa uliomshika mtoto wangu, ile ya Hib iliingia Kenya 2001 na ile ya nimokoka 2011, hazizuii kila aina ya mdudu lakini bila hizo wodi zingekuwa zimejaa zaidi. Mdogo wake nilimpeleka na amemaliza zote.

Basi tukaenda kupimwa. Sitataja ni wapi, sitaki vita na mtu, na yule aliyetupima alikuwa amechoka, foleni ilikuwa imefika nje kwa ukuta. Tulikaa ndani dakika ishirini na tano, niliangalia saa. Kulikuwa na fomu ya maswali ishirini ya ndio na hapana. Swali la pili kwa hiyo fomu, na hii nimekuja kuisoma mwenyewe baadaye mara nyingi mpaka naijua kwa kichwa, linauliza kama umewahi kujiuliza kwamba mtoto wako huenda ni kiziwi. Nikasema ndio. Nilisema ndio nikidhani sasa hapa atashtuka anipeleke kwa watu wa masikio. Kumbe kwa ile fomu, ndio ya swali hilo ni pointi moja ya kuelekea usonji, akaweka alama akaenda swali la tatu.

Sisemi fomu ni mbaya. Inaitwa M-CHAT, inatumika dunia nzima, na walioitengeneza wanasema wazi ni ya kuchuja tu, yaani kujua nani aangaliwe zaidi, haitoshi kusema mtoto ana nini. Tena imetengenezewa watoto wa miezi 16 mpaka 30 na wangu alikuwa na miezi 37. Baada ya fomu akamwekea vitu vya kuchezea akaanza kumwambia kwa Kiingereza, onyesha ndege, leta mpira. Mtoto huyu hajawahi kuongeleshwa Kiingereza nyumbani hata siku moja. Na hata kama ingekuwa Dholuo, sasa tunajua hangesikia.

Ripoti ilikuwa ukurasa mmoja. Nitaandika yaliyokuwa ndani kwa sababu ndio kiini cha barua hii. Hajibu akiitwa jina. Hasemi, alipoteza maneno aliyokuwa nayo. Haangalii mtu anayemwongelesha. Hujizungusha kwa muda mrefu bila kupata kizunguzungu. Hupenda kushika vitu vinavyotetemeka. Hupiga kelele bila sababu. Chini yake, muhuri.

Waheshimiwa, chukueni hiyo orodha msome tena mkijua mtoto ni kiziwi aliyetoka menenjaitisi. Hajibu jina kwa sababu hasikii jina. Alipoteza maneno kwa sababu mtoto wa chini ya miaka miwili akiacha kusikia maneno hayana pa kushika. Hamwangalii mtu anayemwongelesha kwa sababu hajui anaongeleshwa, na tena hapa kwetu mtoto hafundishwi kumkodolea mkubwa macho, hiyo ni adabu. Hapati kizunguzungu kwa sababu ile sehemu ya sikio inayoleta kizunguzungu imekufa. Anashika vitu vya kutetemeka kwa sababu huo mtetemo ndio sauti aliyobaki nayo. Na kelele zake zina sababu, alikuwa anataka kitu na hakuwa na njia nyingine ya kuniambia.

Kuna siku nilikuja naye shedini, mama yake alikuwa amesafiri Mbale kwa matanga. Nilimkalisha kwa kiti cha plastiki nyuma yangu. Nikawasha grainda nikakata chuma cha geti, ile kelele mnaijua, watu wazima huweka vidole masikioni wakipita. Yeye hata hakupepesa. Lakini nilipolaza geti chini nikaendelea kukata alikuja taratibu akaweka kiganja kwa upande wa pili wa chuma, akatabasamu, akabaki hapo. Niliona hiyo na bado sikuelewa, kwa sababu nilikuwa na karatasi nyumbani yenye muhuri inayosema anapenda vitu vya kutetemeka na ni dalili ya otizimu. Hiki ndicho kitu kinaniuma kuliko pesa. Ile karatasi ilinifunga macho yangu mwenyewe. Kila kitu alichofanya kwa miaka hiyo nilikiona kupitia kwa hilo neno.

Tulifuata kila tulichoambiwa. Tiba ya kuongea mara mbili kwa wiki, shilingi 1,500 kila moja, mpaka nikauza mashine yangu ya pili. Wakamweka kwa yuniti maalum na walimu wa pale ni watu wazuri, wanajitahidi na watoto kumi na saba na mwalimu msaidizi mmoja, lakini walikuwa wanamfundisha kama mtoto anayesikia asiyetaka kujibu. Mwalimu wa tiba anakaa mbele yake anasema ma, ma, ma. Mtoto anaangalia dirisha.

Aliyegundua hakuwa daktari. Shedini kwetu kuna fundi kiziwi, tumefanya kazi na yeye miaka mingi, ana mkono safi kuliko sisi wote kwa madirisha. Siku moja mwaka wa 2025 alimwona kijana akapiga mguu chini kwa mabati yaliyolala, mtoto akageuka. Akapunga mkono, mtoto akamwangalia. Yule mtoto ambaye ripoti inasema haangalii watu alimkazia macho yule jamaa usoni na mikononi bila kubanduka, nafikiri ilikuwa dakika kumi nzima, na ile jioni akarudi nyumbani akijua ishara ya maji na ishara ya kula. Kisha yule fundi akanigeukia, akaonyesha sikio la mtoto, akaonyesha lake, akaunganisha vidole viwili. Nilijua anasema nini. Nilienda nyuma ya shedi nikalia.

Tukakopa kwa chama tukaenda kupimwa. Kwanza kile kimashine kidogo cha kuweka sikioni, dakika chache tu, kikasema hakuna jibu pande zote mbili. Halafu kile cha kumpima akiwa amelala na waya kwa kichwa, ambacho hakimtegemei mtoto kujibu chochote. Mpaka sauti ifike desibeli 90 na zaidi ndio kuna jibu, masikio yote mawili. Kwa wasiojua, mtu akiongea kawaida ni kama desibeli 60 hivi. Yaani kwa zaidi ya miaka minne mtoto wangu hajasikia mtu yeyote akimwongelesha, na hapo katikati kuna miaka karibu mitatu tulikuwa tunalipa pesa asemeshwe.

Nikarudi na hayo majibu pale tulipopimwa mwanzo. Nilidhani watafurahi kwamba tumepata kitu. Yule niliyeongea naye aliangalia karatasi akaniambia kwa upole, Baba, wazazi wengi hupitia hii hali, kukubali ni ngumu, hata mtoto akiwa haskii bado anaweza kuwa na otizimu. Sehemu ya pili ni kweli kabisa, na nitaifikia. Lakini hiyo ya kwanza imenisumbua sana. Ati sijakubali. Mimi nilikubali siku ya kwanza, nikauza mashine, nikavaa ile tisheti ya buluu tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, na nikatembea na wazazi wengine. Mzazi akileta kipimo cha masikio mkononi anaitwaje mtu asiyekubali? Hilo neno limekuwa kufuli. Ukiuliza swali lolote wewe bado hujakubali, na ukinyamaza basi umekubali na mambo yanaisha hapo, sasa mzazi wa kuuliza atauliza saa ngapi.

Hata sayansi yenyewe haina aibu na hili swali. Leo Kanner, daktari wa Baltimore ambaye mwaka 1943 aliandika kuhusu watoto 11 na ndio huo usonji ukapata jina, alisema baadhi ya hao watoto walikuwa wamedhaniwa ni viziwi. Hapo kosa lilikuwa upande ule mwingine, mtoto wa usonji anaitwa kiziwi. Yaani zaidi ya miaka themanini watu wanajua haya mawili yanafanana kwa macho. Usonji hauna kipimo cha damu wala picha ya kichwa, unaandikwa kwa kuangalia tabia na kusikiliza historia ya mtoto, ndio maana lazima uondoe kwanza vile vitu vina kipimo. Masikio yana kipimo. Kuna pia watoto wanapoteza maneno kwa sababu ya kifafa kinachofichama usingizini, nacho kina kipimo cha waya za kichwa. Kuna waliotoka malaria ya ubongo, na sisi wa huku ziwani tunajua malaria, watafiti wa Kilifi wameonyesha wengine hubaki na shida ya lugha na kifafa. Na kuna watoto Waromania waliotolewa kwa zile nyumba za mayatima baada ya 1989 wakapelekwa Uingereza, baadhi yao walikuwa na tabia kama za usonji kabisa, na kwa baadhi zikapungua walipopata familia. Hakuna kati ya hawa angejulikana kwa dakika ishirini na tano.

Sasa ule upande mwingine. Daktari wa watoto wa pili tuliyemwona, na yeye ndiye wa kwanza kutukalia chini zaidi ya saa moja, alisema inawezekana mtoto ako na vyote viwili, viziwi pia huwa na usonji. Alisema vile vipimo vya kawaida, hata ule mkubwa unaitwa ADOS, havikutengenezewa mtoto asiyesikia, kwa hivyo mtu wa kuamua lazima ajue ishara ama awe na mtu anayejua, na mtoto apewe kwanza muda wa kupata lugha. Nilimwamini kwa sababu hakuniahidi kitu. Kwa hivyo siwaombi mfute neno kwa faili ili nijisikie vizuri. Usonji si aibu kwangu. Kwa yuniti yake kuna msichana wa miaka tisa ambaye mama yake alizungushwa miaka minne akiambiwa ni mtundu, ni malezi mabaya, mpaka mtu mmoja akakubali kumpima vizuri, na hilo neno ndilo lilimwokoa asipigwe shuleni. Mtu asichukue barua yangu kuwaambia wazazi kama huyo kwamba watoto wao wamekosewa. Yule na mimi tunalia kitu kimoja, hakuna aliyekaa na mtoto akamwangalia mpaka mwisho.

Mambo ninayoomba yako ndani ya uwezo wenu. Mtoto yeyote anayelazwa na homa ya uti wa mgongo asitoke wodi bila tarehe ya kupimwa masikio kuandikwa kwa karatasi yake ya kutoka, hiyo inahitaji tu mstari mmoja kwa fomu. Kile kimashine cha sikio ni cha kushika mkononi na nesi anafundishwa kukitumia, kiwe kwa kila hospitali ya kaunti ndogo, Ahero, Kombewa, Muhoroni, na kiwe kinafanya kazi. Mtu asiandike usonji kwa faili ya mtoto asiyesema kabla majibu ya masikio hayajabandikwa hapo. Na akiandika, aandike alitumia kipimo gani, kwa lugha gani, kwa muda gani, na tarehe ya mtoto kuangaliwa tena, kwa sababu hata leseni ya gari ina tarehe ya kuisha na mtoto anabadilika kuliko gari.

Halafu kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Nimekitoa juzi nikakifungua. Kilo zimejazwa kila mwezi, chanjo zote zina muhuri na tarehe, lakini ule ukurasa wa hatua za ukuaji, alicheka lini, alikaa lini, alisema lini, uko mweupe kama siku tulipopewa. Ungekuwa umejazwa, mtu angeona kwa sekunde moja kwamba mtoto alikuwa anasema na akaacha, na aliacha mwezi gani, na huo mwezi alikuwa wodi gani. Muulize mama yeyote kwa foleni afungue wake.

Kwa upande wa elimu, vituo vya EARC vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark na kazi yake ilikuwa hii hii, mtoto apimwe ndio ajulikane anaenda shule gani. Leo nikiomba kijana ahamishiwe kwa watoto wa ishara naambiwa barua ya kwanza inasema otizimu, nilete barua mpya ya hospitali, na hospitali inasema nilete barua ya EARC. Nimezunguka hapo miezi saba, nauli ya tuktuk peke yake nimeacha kuhesabu. Shule za viziwi ziko karibu, Nyang'oma na Mumias zimekuwepo tangu 1961, watu wa kwetu wamesomea huko wakatoka na kazi. Katiba ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inanipa haki ya kuomba taarifa zenye makosa kuhusu mtoto wangu zirekebishwe. Mimi si wakili, nimesoma tu, na bado naongea na nyinyi kwa heshima kabla sijaenda kwa mtu mwingine.

Ya mtoto wangu mwenyewe ni moja. Watu watatu wakae naye chumba kimoja, mtu wa masikio, daktari anayejua ukuaji wa watoto, na mtu wa lugha ya ishara, wamwangalie kwa muda unaotosha, si siku moja. Wakimaliza wakisema ni kiziwi, sawa. Wakisema ni kiziwi na pia ana usonji, sawa, tutajua tunabeba nini. Saa hii amefika ishara kama sitini, ameanza kuunganisha mbili mbili, juzi alimwambia mama yake samaki moto akionyesha sufuria ya mgongo wazi, ile mifupa ya samaki, kabla hajaguswa na mvuke, na zile kelele za usiku zimepungua sana. Kila mwezi unapita ni mwezi wa lugha anapoteza, na yeye ashapoteza miaka minne.

Namba ya faili iko kwa zile barua mbili mlizopiga muhuri. Niambieni tu ni siku gani na ni chumba gani. Siku hiyo sitafungua shedi, nitakuja na mama yake, na nitakuja na yule fundi mwenzangu, kwa sababu kuna mambo kijana anamwambia yeye ambayo mimi bado sijajua kusoma.

Baba wa mtoto,
Obunga, Kisumu